Uzoefu wangu: kozi ya elimu ya Wenyeji wa Asili, Alberta

Ukisomea ualimu hapa Alberta, Kanada, kozi hii utakutana nayo tu. Tangu 2019 viwango vya jimbo vinamtaka kila mwalimu awe na ujuzi wa msingi kuhusu First Nations, Métis na Inuit, yaani makundi matatu ya Wenyeji wa Asili wa Kanada. Mimi niliichukua kutimiza sharti hilo, na ndiyo kozi iliyonigusa kuliko zote nilizosoma chuoni.

Wiki za mwanzo ni nzito. Zaidi ya watoto 150,000 wa Wenyeji walitenganishwa na wazazi wao na kupelekwa shule za bweni, serikali ikitoa pesa na makanisa yakiziendesha. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Watoto walinyolewa nywele na kuadhibiwa kwa kusema lugha zao. Mimi nimesoma Kenya, na ile diski ya kuvishwa shingoni ukikutwa unaongea lugha ya mama naijua vizuri. Kuna siku nilishindwa kuendelea kusoma.

Ila mhadhiri hakutuacha kwenye kilio, na hapo ndipo kozi inapopata nguvu yake. Alitusimulia kwa kirefu habari za Blue Quills, mojawapo ya shule hizo za bweni, karibu na mji wa St. Paul hapa Alberta. Mwaka 1970 serikali ilitaka kuifunga shule hiyo na kuwahamishia watoto mjini. Wazazi wakaingia, wakakaa humo humo, wakapika na kulala huko hadi serikali ikakubali kuwaachia. Ikawa shule ya kwanza Kanada kuendeshwa na Wenyeji wenyewe, na leo ni chuo kikuu chao. Ningependa kila mwalimu wa kwetu aisikie habari hii.

Kuna siku alialikwa bibi mmoja Mkree, yaani wa watu wa Cree, mojawapo ya First Nations. Viti vikapangwa mduara, jiwe dogo likapita mkono hadi mkono. Aliye nalo anaongea, wengine wote kimya. Bibi alilishika muda mrefu kabla ya kusema lolote, na hakuna aliyemharakisha. Darasani kwetu kuna vijana ambao muhula mzima sikuwahi kusikia sauti zao. Siku hiyo waliongea.

Kasoro ninayoiona ni alama. Tunafundishwa kwamba maarifa haya yanaishi katika masimulizi na kazi za mikono, kisha karibu alama zote zinatoka kwenye insha zenye marejeo. Hata simulizi moja ya mdomo ingetosha kuanzia. Inuit nao wamesukumwa mwisho wa muhula, wakapitiwa haraka mno.

Wenzangu mnaokuja kusomea ualimu huku, ichukueni kabla ya mazoezi ya kufundisha, maana mtakutana na watoto wa Wenyeji na wazazi wao. Na mkipewa nafasi ya kuchagua, chukueni ya darasani, si ya mtandaoni: lile jiwe halipiti kwenye skrini.