Wakili na fundi wake wa kukagua nyumba, Tanga: nyota nne

Unatafuta nyumba ya kununua hapa Tanga ili uipangishe? Ninayemsifia ni wakili mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini, anayefanya kazi na fundi wake. Wakili anachambua karatasi, fundi anachambua kuta. Nililipa shilingi 350,000 kwa wakili na 80,000 kwa fundi. Ada za serikali juu yangu.

Nyumba iko Ngamiani, ya Kiswahili kabisa: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna jiko na choo. Dalali alishaipigia debe: "Mama, hati ipo, mwenyewe yupo, wewe lete hela tu." Tangu habari za bomba la mafuta la Chongoleani zianze, madalali wa mji huu wote wana haraka.

Hati ilikuwepo kweli. Ila wakili hakuanza na jina, alianza na mwaka. Imetolewa 1996 kwa miaka 33, maana yake inaisha 2029. Ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Sisi tunanunua haki ya kuitumia kwa muda, iwe miaka 33, 66 au 99. Nilikuwa nauziwa muda wa kuhesabu vidoleni kwa bei ya hati mbichi! Kuomba muda mpya kunawezekana, ila gharama na usumbufu wake lazima vitoke kwenye bei.

Akapeleka kwa Msajili wa Hati maombi ya upekuzi, yaani kukagua daftari la ardhi. Rehani hakuna, zuio hakuna. Lakini jina kwenye daftari ni la marehemu, na "mwenyewe" aliyekuwa akinifungulia vyumba ni mwanawe wa pili. Wakili akamuuliza taratibu, "Kaka, barua ya usimamizi wa mirathi unayo?" Jamaa akaanza kutafuta simu yake mfukoni. Bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna mwenye mamlaka ya kusaini uhamisho, hata awe na funguo zote. Kumbe dada yake aliyeko Muheza alikuwa hajui kama nyumba ya baba yao iko sokoni. Wakaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi, nikangoja miezi, pesa yangu ikiwa benki na si kwa dalali. (Mzee angekuwa hai, tungetaka pia ridhaa ya mkewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 haichezi na nyumba ya ndoa.)

Fundi alikuja na nyundo ndogo na bisibisi. Rangi ilikuwa mpya, inanukia. Akagonga ukuta wa chumba cha mbele kuanzia chini, akisikiliza, na palipolia kama patupu akabandua plasta: unga mweupe, chumvi, imepanda toka kwenye msingi hadi usawa wa kiuno. Alisema plasta ile ilichanganywa kwa mchanga wa baharini. Linta, ile boriti ya zege juu ya mlango wa uani, nondo zake zimevimba kwa kutu na kupasua zege. Juu ya dari, bisibisi iliingia kwenye mbao za kenchi kama inaingia kwenye andazi. Mchwa.

Lawama zangu ni mbili. Fundi haandiki kitu. Anasema tu, nawe unahangaika kukariri vya kumwambia muuzaji. Na suala la wapangaji halikuguswa kabisa. Nilipokwenda mwenyewe kuongea nao, kijana wa chumba cha nyuma akanionyesha mkataba na risiti: ameshalipa kodi ya mwaka mzima. Kuuzwa kwa nyumba hakumtoi mtu mwenye mkataba hai, kwa hiyo hela hiyo nayo ikakatwa kwenye bei.

Tulianzia milioni 62, tukasaini kwa milioni 51. Kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida ya mauzo, aliilipa msimamizi huko TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya uhamisho, na wakili hakukubali kuendelea mpaka aione risiti. Nyota ya tano nitaitoa siku akimnunulia fundi wake kalamu.