Weasis: programu ya bure ya kutazamia CD ya CT na MRI nyumbani

CD nyingi za CT na MRI (vipimo vya hospitali vinavyopiga picha za ndani ya mwili) huja na kiprogramu chake cha kutazamia picha, na mara nyingi hicho ndicho kinachogoma: kimetengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, na hata huko kinga ya virusi inaweza kukizuia. Weasis, iliyoanzia katika Hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva, inakiruka kabisa. Ni huria, inatumika kwenye Windows, Mac na Linux, na kisakinishi chake kinabeba ndani Java, programu ambayo Weasis huihitaji ili ifanye kazi.

Kwanza nakili CD yote kwenye folda moja. Kusoma mamia ya vipande, yaani picha za mkato mmoja mmoja wa mwili, moja kwa moja kutoka kwenye diski kunachosha, na mkwaruzo mmoja unaweza kukwamisha kazi yote. Usibadilishe jina lolote: faili la DICOMDIR ndilo orodha ya mahali kila picha ilipo. Picha zenyewe aghalabu hazina .jpg wala kiambishi kingine, ndiyo maana ukizibofya hazifunguki. DICOMDIR likiharibika, ingiza folda nzima; Weasis itasoma faili moja moja na kuzipanga.

Uhondo wenyewe uko kwenye kijivu. CT hubeba maelfu ya viwango vyake, skrini ya kawaida huonyesha 256 tu, kwa hiyo lazima uchague sehemu ya viwango hivyo ya kutazama: upana wake, na kitovu, yaani kiwango cha katikati. Kwa ubongo anza na upana 80 na kitovu 40. Kwa mapafu, upana 1500 na kitovu -600. Ukitazama kifua kwa mpangilio wa ubongo, mapafu yatakuwa meusi tii. Picha ni nzima, mpangilio ndio si wake.

Kasoro zipo. Vitufe vimerundikana, na kuunda mikato ya pande tatu hula kumbukumbu: kipande cha CT cha 512 kwa 512 ni karibu nusu megabaiti, basi vipande 600 ni kama megabaiti 300 kabla ya hesabu yoyote. Rula yake ya kupimia iamini kwenye CT na MRI. Kwenye eksirei ya kawaida kiungo huonekana kikubwa kuliko kilivyo, maana mionzi hutanuka ikitoka kwenye chanzo chake.

Ukimtumia daktari mwingine, funga folda yote kwa zip. JPEG humnyima uwezo wa kubadili kijivu. Kumbuka pia kwamba jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa vimo ndani ya kila faili.