AdwCleaner: kisafishaji cha programu zisizotakiwa
AdwCleaner, programu ya bure ambayo Malwarebytes, kampuni ya usalama wa kompyuta, iliinunua mwaka 2016, inawafaa sana watumiaji wa Windows ambao kivinjari chao kimeanza kufungua matangazo yasiyoombwa au kubadili ukurasa wa mwanzo. Haihitaji kusakinishwa, unaifungua, unaanzisha ukaguzi, kisha unaletewa orodha ya vilivyogunduliwa. Hapo ndipo umakini unapohitajika, kwa kuwa onyo la programu isiyotakiwa si sawa na onyo la kirusi, na aghalabu linahusu kitu kilichoingia pamoja na programu nyingine uliyoipakua kwa hiari yako. Soma kila jina, na uondoe tiki kwenye lile unalolifahamu na kulihitaji. Ninachokithamini zaidi ni karantini, yaani sehemu ya kutengea vilivyoondolewa, ambako kilichoondolewa kimakosa kinaweza kurejeshwa. Hifadhi kazi zako kwanza, maana usafishaji hufunga programu zilizo wazi.