Mashine za vinywaji Japani: safi, ila angalia pesa yako

Kwa urahisi, hazina mpinzani: zipo stesheni na hata vichochoroni, usiku na mchana. Lebo ya bluu chini ya kinywaji ni baridi, nyekundu ni moto, na moto kweli. Kopo la kahawa hutoka na nyuzi kama 55, lishike kwa leso. Tumbukiza sarafu za yeni 10, 50, 100 au 500, au noti ya 1,000. Sarafu za yeni 1 na 5 hazipokelewi. Mashine kuukuu huitema sarafu ya 500 ya mwaka 2021 na noti mpya za 2024, maana kisomaji chake hakizitambui. Hapo gusisha kadi ya Suica, ile ya nauli ya treni unayoijaza pesa, kama alama yake ipo kwenye mashine. Umeghairi? Bonyeza ule wenzo mdogo karibu na tundu la sarafu, pesa irudi. Pipa la pembeni ni la makopo na chupa tu.