Chuo cha udereva huku Kimara, nimepasi testi na barabarani naingia bila kuogopa

Wanaoulizia chuo cha udereva upande huu wa Kimara, mi nimemaliza, testi nimepasi na leseni ninayo, kwahiyo naandika nilichokiona, kizuri na kibaya. Nakipa nyota nne kati ya tano na hizo nne karibu zote ni za walimu, ofisini ndo kuna shida ntaeleza chini.

Kilichonifanya nikipende ni kwamba hawa hawakufundishi testi, wanakufundisha kuendesha. Vyuo vingi hapa Dar unazungushwa kiwanjani, gia ya kwanza, gia ya pili, rivasi kidogo, unapewa cheti unaenda zako, alafu siku unaingia Morogoro Road peke yako daladala inakuchomekea mbele unaganda katikati ya barabara. Hapa kiwanjani unakaa mpaka umeizoea klachi basi, baada ya hapo ni barabarani tu, tena asubuhi wakati watu wanawahi kazini.

Gari zao ni manual. Najua wengi tunataka auto maana IST na Passo ndo zimejaa mjini, na mi nililiuliza hilo, mwalimu wangu (mama mmoja mtu mzima, wote tunamwita madamu) akaniambia ukijua manual auto utaiendesha siku yoyote, ila ukijua auto tu siku umepewa gari ya manual unabaki umeshika funguo. Sasa hivi nakubaliana nae kabisa.

Na huku milima ipo, sio kama Sinza kule tambarare. Madamu anakusimamisha katikati ya mlima njia ya Goba, hendibreki juu, gia namba moja, unaachia klachi taratibu mpaka unasikia gari inatetemeka na pua inanyanyuka kidogo, unaongeza mafuta ndo unashusha hendibreki. Ikirudi nyuma hata kidogo anakanyaga breki ya upande wake maana gari zao zina pedeli mbili mbili, alafu mnaanza upya, hagombi, hapigi kelele, mnarudia mpaka mguu wenyewe unajua pa kuishia.

Ila nilichompendea zaidi ni vioo. Anafunika kioo cha kati kwa mkono huku unaendesha anakuuliza, nyuma yako kuna nini? Kama hukuwa umeangalia huwezi kujibu. Kushoto kwako kuna nini? Bodaboda. Iko umbali gani? Yaani kila wakati macho yanatembea, mbele, kati, kulia, kushoto. Kwa mji huu ambao bodaboda anakupita kushoto na bajaji inakupita kulia kwa wakati mmoja, hilo somo peke yake mi naona linatosha hela ya ada.

Kitu kingine ni mabasi ya mwendokasi. Njia za mabasi zimekaa katikati ya barabara toka 2016 na mpaka leo watu wanazikatiza hovyo. Madamu alisimama na sisi pembeni akatuonyesha basi linavyokuja, akasema ukitaka kukata kulia subiri mataa, usimfuate wa mbele yako kwa sababu tu yeye kapita. Kwenye kipilefti pia hivyo hivyo, anayetoka kulia kwako mpishe, usiangalie wenzio wanafanya nini. Na kwenye zebra unasimama, hata kama gari za nyuma zinakupigia honi, unasimama, pale anavuka mtoto wa mtu.

Darasani pako kawaida. Alama za barabarani wanazipitia zote, pembetatu za onyo, duara nyekundu za katazo, za bluu za amri, spidi 50 kwenye makazi, hayo utayakuta kila chuo.

Testi yenyewe afande wa trafiki alianza na maswali ya alama, akaniambia nizunguke gari kabla sijapanda, matairi, taa, kama kuna kinachovuja. Ndani ni kiti, vioo, mkanda, ndo unawasha. Akaniagiza nipandishe mlima nisimame katikati, rivasi kati ya koni, alafu tukatoka barabarani. Hakuwa mkali, ila anaandika muda wote na anaangalia macho yako sio mikono, ile tabia ya vioo ilinisaidia sana hapo. Tena watu wanakosa kwa vitu vidogo, indiketa inawashwa wakati kona imeshaanza, au mtu anamaliza kupaki anazima gari hendibreki iko chini.

Sasa ofisi. Hawakwambii mapema kwamba ada ya chuo ni ya chuo tu, leseni ya kujifunzia unalipia mwenyewe na leseni yenyewe ni 70,000 ya miaka 5, inalipwa serikalini kwa kontro namba. Kuna kijana tulikua nae alidhani amemaliza kulipa, ikabidi asubiri mpaka apate hela nyingine, iliniuma sana kwa kweli, ni kitu cha kuandika kwenye karatasi moja ukutani tu. Pia kwenye gari mnapakiwa wanne mnapokezana usukani, kwahiyo saa moja yako sio saa moja. Kukaa nyuma unajifunza kwa kuangalia wenzio sawa, ila waseme wazi wakati unalipia. Na cheti kilichelewa, ukiuliza unaambiwa njoo kesho.

Bei yao iko juu kidogo kuliko vyuo vya jirani, mi naona inafaa. Leseni ya kupitishiwa mlango wa nyuma inaweza kukutoa hela hizo hizo na ukabeba watoto wako kwenye gari usiyoijua.

Ukienda, nenda na namba ya NIDA na TIN yako tayari ili leseni ya kujifunzia isikucheleweshe, maana ile ina miezi 3 tu na muda unakimbia. Omba zamu ya asubuhi, na waambie unataka kufundishwa na madamu, watakwambia amejaa, subiri nafasi yake.