Habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer AW: uzoefu wangu wa kuifungua na kuifufua

Anayetaka kuanza hobi ya kufufua vifaa vya baiskeli za zamani huuliza aanzie wapi. Jibu langu halijabadilika: tafuta habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ya gia tatu ya Sturmey-Archer, ile iliyogongwa herufi AW kwenye ganda. Nimeshughulika na pedali, friweli, breki za kuvuta kwa fito na taa za dainamo, na kila kimoja kina raha yake. Lakini hakuna kinacholipa jasho lako kama habu hii, kwa sababu walioibuni walijua kwamba siku moja itafunguliwa.

Kampuni yenyewe ilianza Nottingham, Uingereza, mwaka 1902. Habu ya AW ilitoka mwaka 1936, na kwa miongo mingi ikaendelea kutengenezwa karibu vilevile. Mwaka 2000 uzalishaji wa Nottingham ulifikia kikomo, jina likachukuliwa na SunRace ya Taiwan, na habu zenye jina hilo zinatoka huko hadi leo. Kwa mtu wa hobi, historia hiyo ina faida moja kubwa: vipuri. Kwa kuwa umbo la ndani lilikaa muda mrefu bila kuguswa, matumbo ya habu ya miaka ya 1950 mara nyingi yanaingia bila shida kwenye ganda la miaka ya 1960. Habu moja iliyovunjika ganda na nyingine iliyooza ndani zinakupa habu moja nzima.

Kwenye ganda, karibu na herufi, kuna namba. Habu za baada ya vita zina tarakimu mbili za mwaka na nyingine ya mwezi, kwa hiyo 62 na 5 ni Mei 1962. Namba hiyo inataja umri wa ganda tu. Matumbo yanaweza kuwa yalihamishiwa humo baadaye. Soma herufi kwa makini pia. Kuna habu ya SW ya kampuni hiyohiyo inayofanana na AW kwa nje, ila ndani ni kitu kingine kabisa na vipande havibadilishani.

Kabla ya kushika spana, elewa kinachoendelea mle ndani. Katikati, kwenye ekseli, kuna gia ya meno 20 isiyozunguka. Kuizunguka kuna vigia vinne vya meno 20 kila kimoja, vimebebwa na kizimba. Vyote vimefunikwa na pete yenye meno 60 kwa ndani. Basi, hayo ndiyo yote. Klachi yenye umbo la msalaba, inayozungushwa na gia ya mnyororo iliyo kando ya habu, inasogea kushoto na kulia juu ya ekseli, na kusogea kwake ndiko kunakoamua nani aendeshe nani. Ikishika kizimba, pete inakwenda kasi zaidi ya gia ya mnyororo kwa theluthi moja: gia ya tatu. Ikishika pete, na pete ikaendesha ganda moja kwa moja, ni gia ya pili. Ikivutwa hadi mwisho, inaendelea kuizungusha pete lakini inaziinamisha kucha za pete (vijichuma vinavyolishika ganda) zisiliguse, na kizimba kinachukua kazi kwa robo tatu ya kasi: gia ya kwanza. Ukiwa na meno 46 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unalizungusha gurudumu takriban mara 1.92, 2.56 au 3.41. Hesabu hizo zinatoka kwenye zile 20 na 60 peke yake.

Ukishalijua hilo, habu itakueleza ugonjwa wake kabla hujaifungua. Kanyaga pedali kwenye gia ya tatu na ya pili: lazima usikie mlio mwembamba, tik-tik-tik. Hizo ni kucha za kizimba upande wa kushoto, zinapitwa na ganda linalokwenda kasi kuliko zenyewe. Kwenye gia ya kwanza, ukiwa unakanyaga, kimya. Kama gia ya tatu na ya pili nazo ziko kimya, kucha za kushoto zimeganda kwenye mafuta yaliyokauka au springi zake zimekufa, na bila shaka gia ya kwanza itakuwa inateleza. Napenda sana hatua hii. Nakaa na gurudumu, nalisikiliza, kisha nafungua kuhakikisha.

Kufungua kunahitaji vitu vichache: spana za kawaida, nyundo, tindo butu na jiliwa la kushikia ekseli. Toa nati na koni (kipande kinachobana gololi) ya upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna bakuli kubwa la gololi lenye vipengo viwili ukingoni. Hilo ndilo kifuniko cha habu nzima. Weka tindo kwenye kipengo, gonga kuelekea kinyume cha saa. Habu iliyokaa miaka mingi hukataa mwanzoni, kwa hiyo ipe mafuta ya kupenya usiku mzima, kisha gonga kwa uthabiti. Kama habu bado ina spoku na rimu yake, usizitoe kwanza. Gurudumu zima linakupa pa kushikilia. Na kabla ya kugonga, tia alama kwenye bakuli na kwenye ganda mkabala na spoku moja. Uzi wa bakuli hilo una mianzo miwili, na ukilirudisha kwa mwanzo ule mwingine, gurudumu linaweza kuhama kidogo kutoka katikati. Bakuli likilegea, matumbo yote yanatoka kwa pamoja, yameshikana kwenye ekseli yao, meusi kwa mafuta ya kale.

Kwa usafi natumia mafuta ya taa na brashi, basi. Wapo wanaotumbukiza kila kitu kwenye siki au tindikali ya ndimu kuondoa kutu. Kwa nati na washa za nje sawa, lakini vipande vya ndani ni chuma kigumu, na springi zile nyembamba zinaweza kuwa dhaifu na kukatika zikikaa kwenye tindikali. Ganda la kromu lisugue kwa karatasi ya alumini iliyolowa maji. Madoa ya kutu yanatoka na mng'ao unarudi, isipokuwa pale kromu ilipokwisha kubanduka.

Baada ya usafi ndipo ukweli unaonekana. Angalia koni: njia ya gololi iwe laini na yenye kung'aa mzunguko mzima. Ikiwa na vishimo, hakuna dawa, tafuta koni nyingine. Gololi badilisha zote bila huruma, kwa saizi ileile, na usichanganye mpya na za zamani, kwa kuwa tofauti ndogo ya kipenyo inazibebesha chache mzigo wote. Kisha angalia ncha za pini zinazobeba vile vigia vinne, na mikono ya ile klachi ya msalaba. Kwenye gia ya tatu, nguvu zote za miguu yako zinapita pale. Kona zikiwa kali, habu ina maisha marefu mbele yake. Zikiwa zimeviringika, gia ya tatu itakuwa inaruka hata ukirekebisha waya wa gia namna gani. Meno ya gia, kwa uzoefu wangu, ni nadra kuwa tatizo. Nimekuta habu zilizochoka kila mahali lakini meno yake yana hali nzuri kuliko nilivyotarajia.

Sasa kucha. Hii ndiyo kazi ya mikono na subira, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kucha ni kipande cha chuma kinachotosha ncha ya kidole, kinachosukumwa nje na springi ya waya mwembamba iliyokunjwa mfano wa kibanio cha nywele. Kucha, springi na pini vinatakiwa kukaa kwenye tundu moja kwa wakati mmoja, huku springi ikitaka kurukia uvunguni mwa meza. Njia yangu ni hii: naifunga springi kwenye kucha kwa uzi wa pamba, naviteremsha pamoja mahali pake, napitisha pini polepole mpaka itokee upande wa pili, ndipo nakata uzi na kuuvuta kwa kibano. Ukimaliza, bonyeza kucha kwa kidole. Iingie kwa ulaini na irudi yenyewe mara moja, kila pembe. Ikisita hata kidogo, fungua tena.

Hapa nina malalamiko, nayo ni ya soko la vipuri. Niliwahi kununua springi za kucha zilizotangazwa kuwa zinafaa habu hii, zikaja laini mno: ukizikunja hazirudi. Kwa macho zilifanana kabisa na za asili. Tangu hapo springi ya zamani ambayo bado ina nguvu naitunza kuliko mpya nisiyoijua, na kila mpya naijaribu mkononi kabla ya kuifunga.

Kuunganisha ni kurudi njia uliyoijia. Jambo la kushikilia ni koni ya kulia: ikaze kwa vidole mpaka iguse, irudishe nyuma robo hadi nusu mzunguko, ifunge kwa nati yake, na baada ya hapo usiiguse tena. Marekebisho yote ya ulegevu wa gurudumu yafanyie kwa koni ya kushoto. Koni ya kulia ikikaa vibaya, klachi haifiki inakotakiwa na gia zinavurugika. Grisi weka kwenye gololi tu. Kwenye gia na kucha tia mafuta mepesi ya mashine, kijiko kimoja kwa kuanzia, kisha matone machache kila mara kupitia kitundu chenye kifuniko kilichopo kwenye ganda. Grisi nzito ikizifikia kucha inazigandisha. Usiogope ukiona mafuta kidogo yanachuruzika kwenye spoku. Habu hii haina mpira wa kuzuia, na tone linalotoka linabeba uchafu.

Kasoro moja lazima niiseme kwa uzito wake. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna nafasi tupu ambayo klachi haijashika chochote. Waya usiporekebishwa vizuri, ukisimama juu ya pedali kupanda mlima, pedali inaweza kuporomoka ghafla na wewe ukaangukia mbele. Ni hatari ya kweli, na toleo la sasa la Taiwan limebadilishwa ndani ili kuiondoa. Kwa habu ya zamani kinga ni marekebisho. Weka gia ya pili, chungulia kwenye kitundu cha nati ya kulia, na hakikisha kichwa cha kifimbo kilichoshika kijimnyororo, kile kinachovutwa na waya wa gia, kiko sawa na mwisho wa ekseli. Fanya hivyo kila waya unapolegea, bila kungoja dalili. Na washa zenye ulimi zinazokaa kwenye fremu zirudishwe zote mbili, zikitazama ndani ya mwanya, kwa sababu ndizo zinazozuia ekseli isizunguke.

Barabarani, habu iliyofufuliwa vizuri ni ya kutegemewa. Unabadilisha gia hata ukiwa umesimama, jambo ambalo gia za nje haziwezi. Unaacha kukanyaga kidogo, unasukuma kidole, inakamata. Matope na vumbi haviingii kirahisi. Uzito upo, sikatai, na hatua kutoka gia moja hadi nyingine ni kubwa, kwa hiyo mpenda mashindano au mkazi wa milima mikali haitamfaa. Kwa mwendo wa kila siku kwenye njia ya kawaida sina habu ninayoipenda zaidi. Ukiona gia zote ni nzito kwako, si lazima ubadilishe habu. Gia ya nyuma ya habu za kuanzia miaka ya 1950 mara nyingi imeshikwa na pete ya waya tu. Ing'oe kwa bisibisi, weka yenye meno mengi zaidi, umemaliza.

Ukienda kununua gurudumu kuukuu lenye habu hii, usikubali kuambiwa tu kwamba linafanya kazi. Likiwa halina waya, habu inakaa yenyewe kwenye gia ya tatu. Shika ekseli isizunguke, zungusha gia ya mnyororo kuelekea mbele mara tatu kamili, na hesabu gurudumu: lizunguke mara nne. Vuta kijimnyororo hadi usikie kimeshika kwa mara ya kwanza, rudia: tatu kwa tatu. Vuta hadi mwisho: gia ya mnyororo izunguke mara nne ndipo gurudumu litimize tatu. Habu ikijibu hivyo zote tatu, na uzi wa ekseli hauna majeraha, hata kama ganda lina kutu nene kiasi gani, ichukue.