Honda Dual Pump Fluid II kwa Difu ya Nyuma ya CR-V: Je, Inastahili Bei Yake?

Kwa mwenye Honda CR-V inayovuta kwa magurudumu yote manne, hasa zile za kabla ya toleo la mwaka 2012, oili ya Honda Dual Pump Fluid II ndiyo ninayoipendekeza bila kusitasita kwa difu ya nyuma, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ingawa kwa kawaida huuzwa ghali kuliko mafuta ya gia, na ingawa chupa yake ingeweza kutengenezwa vizuri zaidi. Nimeitumia kwenye CR-V ya kizazi cha pili iliyokuwa ikinguruma kila ilipokata kona kali, na mngurumo huo ulikoma. Lakini matokeo ya gari moja hayatoshi kumshawishi mtu atoe fedha zake, kwa hiyo inafaa kueleza difu hiyo inafanyaje kazi, maana humo ndimo ilimo sababu ya kuhitaji oili ya pekee.

Difu ya kawaida ina gia tu, na gia hizo huhitaji mafuta mazito yanayohimili mgandamizo mkubwa. Ndani ya difu ya nyuma ya CR-V hizi, pamoja na gia, kuna pampu mbili za haidroliki na klachi yenye sahani nyingi, na vyote hutumia oili moja. Pampu ya mbele huzungushwa na propela, yaani mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma ya gari, na pampu ya nyuma huzungushwa na difu yenyewe. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakienda kwa kasi ileile, oili inayosukumwa na pampu ya mbele hufyonzwa yote na pampu ya nyuma, hivyo shinikizo halijengeki na gari huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Magurudumu ya mbele yakiteleza kwenye tope au theluji, pampu ya mbele huzunguka haraka kuliko ile ya nyuma, oili huzidi kiasi kinachoweza kufyonzwa, na shinikizo linalotokea hubana sahani za klachi hadi nguvu ya injini ifike nyuma. Kwa hiyo oili hii hailainishi vyuma tu. Ndiyo inayoyaunganisha magurudumu ya nyuma, na ndiyo inayoamua sahani zishikane kwa upole au kwa vishindo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Gari linapokata kona kali kwa mwendo mdogo, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa hiyo huzunguka haraka zaidi hata barabara ikiwa kavu kabisa. Tofauti hiyo ndogo huanza kuibana klachi, na oili inatakiwa kuziacha sahani zisuguane kwa ulaini bila kukwama. Viambato vinavyodhibiti msuguano ndani ya oili vikishachoka kwa joto na kwa kazi, sahani hushikana, huachiana na kushikana tena kwa haraka sana, na dereva husikia mngurumo au mtetemo kutoka sehemu ya nyuma ya gari. Mngurumo huo hupotosha watu wengi wakadhani ni beringi ya gurudumu. Njia ya kutofautisha ni rahisi: beringi iliyokwisha husikika hata kwenye barabara iliyonyooka, na sauti yake hupanda kadiri kasi inavyoongezeka, ilhali difu yenye oili iliyochoka hulalamika gari likienda taratibu huku usukani umekatwa hadi mwisho. Gari likishapata joto, lipeleke kwenye uwanja mtupu, ulizungushe kwa duara upande wa kulia kisha wa kushoto, na usikilize.

Dual Pump Fluid II imetengenezwa kwa ajili ya hali hii, na ndiyo maana siafikiani na ushauri wa kujaza mafuta ya gia ya unene wa 80W-90 kwa hoja kwamba difu zote ni sawa. Mafuta hayo yanaweza kuwa bora kabisa mahali pake, lakini hayakuundwa kwa klachi yenye sahani nyingi wala kwa pampu hizo mbili. Kosa jingine la kuepuka ni kuchanganya majina. Honda ina pia oili iitwayo VTM-4, iliyokusudiwa mfumo mwingine uliotumika kwenye magari kama Pilot na Ridgeline ya kizazi cha kwanza. Mtu asome jina kamili kwenye chupa kabla ya kulipa, na mwenye CR-V ya mwaka 2012 au baadaye, ambayo mfumo wake unadhibitiwa kielektroniki, afuate kitabu cha gari lake.

Kasoro ninayoiona iko kwenye ujazo. Chupa inayouzwa Marekani ina mililita 946, lakini difu hizi huhitaji lita moja au zaidi kidogo. Mnunuzi analazimika kuchukua chupa mbili na kubaki na oili nyingi kwenye ya pili. Ujazo wa lita moja na nusu ungefaa zaidi. Washa (pete za kuzibia) za nati mbili za difu hununuliwa kando, na zinafaa kuwa mpya kila mara. Kwenye CR-V nyingi washa ya nati ya kujazia na ile ya nati ya kumwagia hazilingani kwa ukubwa, kwa hiyo zisinunuliwe kwa kukisia.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye racheti, beseni na pampu ndogo ya mkono au mpira mrefu wa kujazia. Gari lisimame mahali tambarare, na likiinuliwa liwekwe juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Jambo ambalo ningelisisitiza kwa kila mtu ni kufungua nati ya juu, ya kujazia, kabla ya kugusa ile ya chini. Nati hizo hukazana kwa kutu, na mtu aliyekwisha kumwaga oili yote kisha akashindwa kufungua sehemu ya kujazia amebaki na gari lisiloweza kutembea. Oili mpya hujazwa mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la juu, kisha nati hukazwa kwa kipimo kilichotajwa kwenye kitabu cha ufundi, kwa sababu ganda la difu ni la aluminiamu na hesi zake huharibika kwa nguvu iliyozidi.

Kuhusu muda, kwenye CR-V zenye mfumo wa kumkumbusha dereva matengenezo, namba 6 ikitokea kwenye dashibodi ndiyo wito wa kubadilisha oili ya difu ya nyuma. Kitabu cha CR-V za kizazi cha tatu kinaeleza kwamba kuendesha milimani kwa mwendo mdogo sana, au kuvuta trela, huichosha oili haraka, na kwa gari linalotumika hivyo mara kwa mara kinaagiza ibadilishwe kwa mara ya kwanza kwenye kilomita 12,000, kisha kila kilomita 24,000. Huu ni muda mfupi kuliko wengi wanavyodhani, na naona ni wa busara.

Baada ya kubadilisha, mngurumo huweza kupungua bila kwisha, kwa kuwa oili ya zamani iliyonasa kati ya sahani na ndani ya pampu haitoki yote mara moja. Hapo chupa ya pili inapata kazi: gari liendeshwe kwa kukata kona nyingi kulia na kushoto, kisha oili imwagwe tena na kujazwa upya, ikiongezwa chupa nyingine ili kipimo kitimie. Sauti ikibaki ileile baada ya hapo, au oili iliyomwagwa ikiwa na vipande vya chuma vinavyohisika kwenye vidole, tatizo limeshavuka uwezo wa oili yoyote, na fedha zilizobaki zitumike kumlipa fundi aifungue difu.